Pima silinda kwanza, ringi baadaye

Injini ikianza kutoa moshi wa bluu na kula oili, hukumu hutolewa palepale gereji: ringi zimekufa. Mwenye gari anatoa fedha, kijana anatumwa Kariakoo, na jioni seti ya ringi imeshafika hata kabla injini haijashushwa. Mjadala, kama upo, huwa ni wa jina lililoandikwa kwenye boksi: za Japani au za India, orijino au za kawaida, na bei yake. Nasema utaratibu huu umegeuzwa kichwa chini miguu juu, na ni sababu mojawapo kubwa ya injini zilizokwishafumuliwa kurudi gereji na moshi uleule. Ringi haichaguliwi na muuza spea, wala na mfuko wa mwenye gari. Inachaguliwa na silinda itakamokaa, na silinda haiwezi kusema lolote kabla haijapimwa.

Tuanze na kazi yenyewe. Pistoni nyingi za magari hubeba ringi tatu. Mbili za juu huzuia mgandamizo usivuje. Ya chini, ambayo mara nyingi ni vipande vitatu vinavyofanya kazi pamoja, hukwangua oili ukutani na kuirudisha chini. Kuna kazi nyingine ambayo wenye magari wengi hawajaisikia: ringi ni njia kuu ambayo joto la pistoni hupitia kufika kwenye ukuta wa silinda, na kutoka hapo kwenye maji ya rejeta. Kwa hiyo ringi isiyogusa ukuta vizuri haipunguzi nguvu tu, inaiacha pistoni iungue. Mhandisi wa treni wa Uingereza, John Ramsbottom, ndiye aliyebuni katika miaka ya 1850 ringi ya chuma iliyokatwa mahali pamoja ili ijitanue yenyewe kama springi, na ringi za leo bado zinaishi kwa wazo hilo. Pale ilipokatwa hubaki mwanya mdogo. Kanuni ambayo mafundi wengi huitumia kwa injini ya kawaida ni mwanya wa takribani milimita 0.004 kwa kila milimita moja ya kipenyo cha silinda. Injini ya Toyota 3L, ambayo imesukuma HiAce nyingi za abiria katika nchi zetu, ina silinda ya milimita 96, hivyo kwa kanuni hiyo mwanya wake ni kama milimita 0.38.

Sasa tazama kinachotokea silinda inapolika. Kipenyo kikiongezeka kwa milimita 0.10 tu, mzingo wa silinda unaongezeka kwa milimita 0.31, na ongezeko lote hilo linaingia kwenye mwanya wa ringi. Ile 0.38 inakuwa 0.69. Silinda ikilika milimita 0.20, mwanya unapita milimita moja, zaidi ya mara mbili na nusu ya unavyotakiwa kuwa, na hiyo ni ringi mpya kabisa iliyotoka kwenye boksi leo. Tena silinda hailiki sawasawa. Inalika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka, mahali penye joto kali na oili chache. Chini hubaki karibu na kipimo chake cha kiwandani. Ringi iliyomo humo inalazimika kujitanua ikipanda na kujibana ikishuka, na kwa mizunguko 3,000 kwa dakika pistoni hukata safari hizo 100 kila sekunde. Juu kabisa, pale ambapo ringi hazifiki, ukuta hubaki haujalika na kuacha ukingo unaoweza kuuhisi kwa ukucha. Ringi ya zamani ililika pamoja na ukingo huo, wakazoeana. Ringi mpya ina kona kali. Ikiugonga inavunjika yenyewe, au inavunja sehemu ya pistoni iliyoishikilia. Hakuna jina la kampuni, liwe la Tokyo au la Berlin, linaloweza kurekebisha hilo.

Wengine wamekuja na dawa ya mkato: wananunua ringi za saizi kubwa zaidi, wanazikata ncha kwa tupa mpaka ziingie kwenye silinda iliyolika, mwanya unaonekana mzuri, kazi imekwisha. Mwanya kweli ni mzuri, lakini ringi imetengenezwa ijae duara la kipimo chake. Ukiibana kwenye duara jingine haigusi ukuta kwa usawa. Sehemu moja inakandamiza, nyingine inapitisha gesi na oili. Tupa ina kazi halali kwenye ringi, ya kuongeza mwanya uliobana mno kwa sehemu ndogo sana za milimita. Kuibadilisha saizi si kazi yake.

Wapo watakaojibu kwamba basi suluhisho ni kununua ringi ngumu kuliko zote. Hapa ndipo imani ya dukani inapowapoteza wengi, kwa sababu ugumu peke yake si sifa. Ringi ya chuma cha kawaida cha kalibu ni laini, inazoeana na ukuta haraka na inasamehe kasoro ndogo za silinda, ila inalika mapema. Ringi iliyopakwa kromu inadumu na inavumilia vumbi vizuri, jambo lenye maana kubwa kwa gari linaloshinda kwenye barabara ya changarawe, lakini inadai silinda ya duara kamili iliyokwaruzwa upya kwa mawe maalumu. Ukiitia kwenye ukuta uliong'aa kama kioo inaweza isikae kabisa, na gari likala oili tangu siku ya kwanza hadi siku ya kuuzwa. Ringi yenye molibdenamu inahifadhi oili katika vitundu vyake vidogo na inastahimili joto, ila inataka ukuta uliosuguliwa laini zaidi, na vitundu hivyohivyo huweza kushika chembe za vumbi chujio la hewa likiwa bovu. Ringi ya kromu haitiwi kwenye silinda iliyopakwa kromu, katu. Baadhi ya pikipiki na magari ya kisasa yana silinda za aluminiamu zenye ngozi ngumu ya madini, ambazo huwezi kuzichonga kwa namna ya chuma na ambazo hukubali ringi za aina yake tu. Na injini kadhaa za dizeli zina ringi ya juu yenye umbo la kabari ili masizi yasiigandishe kwenye mfereji wake. Hiyo haina mbadala wa bapa hata kipenyo kikilingana. Katika hali zote hizi swali la kwanza ni ukuta ukoje, mfereji wa pistoni ukoje na gari linafanya kazi wapi. Boksi linafuata baadaye.

Mfereji wa pistoni nao hautazamwi inavyostahili. Ukilika, ringi mpya inacheza ndani yake juu na chini na kupandisha oili, hata kama silinda ni nzima. Ushahidi wa jambo hili hauko mbali. Injini ya Toyota 2AZ-FE, iliyomo kwenye RAV4 na Harrier nyingi zilizoagizwa huku zikiwa zimeshatumika, ilipata sifa mbaya ya kula oili. Nchini Marekani, Toyota yenyewe iliweka mpango wa kuyatengeneza magari yaliyothibitika kupita kiwango, na matengenezo hayo yalihusu pistoni pamoja na ringi. Waliounda injini hiyo hawakuona kwamba seti ya ringi peke yake ingetosha. Fundi wa mtaani anayetoa ringi za zamani na kutia mpya kwenye pistoni zilezile bila kupima mifereji yake anadai kwa vitendo kwamba anajua zaidi yao.

Pingamizi lenye uzito ni la fedha, na silipuuzi. Gari la biashara likilala gereji hesabu hailetwi, na deni halisubiri. Kuchonga silinda na kununua pistoni za saizi kubwa ni gharama ya ziada ambayo mwenye HiAce moja anaweza asiwe nayo. Lakini hebu tuhesabu kilichomo ndani ya kazi moja. Injini imeshushwa, gasketi zimenunuliwa, oili mpya imemwagwa, fundi amelipwa, siku kadhaa zimepita bila abiria. Gharama hizo zote zinabaki zilezile ringi ziwe sahihi au zisiwe sahihi, na zikikosewa zinalipwa upya, zote. Zaidi ya hapo, kupima hakumaanishi lazima kuchonga. Mara nyingine vipimo vinaonyesha silinda bado ni duara na imo ndani ya kikomo cha kitabu cha injini. Hapo ringi za saizi ileile na kukwaruza ukuta kidogo vinatosha, na mtu ameokoa fedha za kuchonga ambazo asiyepima angemtoza. Mara nyingine inagundulika ringi hazina kosa kabisa. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi gari linapowashwa, kisha ukapotea, mara nyingi ni wa sili za valvu zilizokauka. Kwa injini ya petroli kuna jaribio jepesi: pima mgandamizo, tia kijiko cha oili kwenye silinda yenye mgandamizo mdogo, pima tena. Ukipanda sana, ringi ndizo zinazovuja. Usipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Kwa maskini, basi, kipimo ni kinga zaidi kuliko kwa tajiri.

Utasikia pia kwamba fundi mzoefu hahitaji vyombo, kidole chake kinatosha. Naheshimu kidole cha fundi aliyekaa miaka thelathini kwenye grisi, na kweli kinahisi ukingo wa juu na michirizi. Tofauti inayoamua maisha ya ringi, hata hivyo, ni sehemu ndogo za milimita zisizofika unene wa unywele, na hizo hakuna kidole kinachozihisi. Wala vyombo si lazima viwe vya bei kubwa. Chukua ringi ya juu, hata ya zamani, uitoe kwenye pistoni na kuisafisha. Iingize ndani ya silinda, kisha isukume kwa kichwa cha pistoni iliyopinduliwa ili ilale sawa, mpaka chini kabisa ambako ukuta haujalika. Pitisha majani ya fila geji kwenye mwanya mpaka upate linaloingia kwa kubana kidogo, uandike namba. Ipandishe ringi hadi chini kidogo ya ukingo wa juu, upime tena. Chini ikisoma 0.50 na juu 0.90, tofauti ni 0.40, igawe kwa 3.14 na utapata karibu 0.13, ndiyo milimita ambazo silinda imepanuka juu kuliko chini. Fila geji ni chombo cha bei ndogo kinachoenea kiganjani. Kipimo hiki kina upungufu wake: hakionyeshi silinda iliyolika upande mmoja ikawa umbo la yai, na kwa hilo bado bloku inatakiwa ifike karakana yenye kipimo cha saa. Hata hivyo kinatosha kumwambia mwenye gari, kabla hajatoa shilingi ya ringi, iwapo safari ya karakana inaepukika.

Kuhusu ringi feki, malalamiko ni ya kweli, kuanzia Kariakoo hadi Kirinyaga Road mjini Nairobi, na boksi zuri si ushahidi wa kitu. Lakini hapa pia kipimo ndicho kinga ambayo mnunuzi anayo mkononi. Ringi mpya ikishalala ndani ya silinda iliyochongwa, weka taa chini yake na utazame kutoka juu. Mwanga ukipenya kati ya ringi na ukuta, nje ya mwanya wake, ringi hiyo au silinda hiyo si duara. Pima mwanya wa kila ringi katika kila silinda. Ukikuta namba zimetawanyika hovyo, zirudishe dukani kabla hazijaguswa na oili. Hata ringi halisi huharibiwa kwa kutiwa kinyume: ile ya pili mara nyingi ina upande wake wa juu wenye alama, na ikipinduliwa inapandisha oili badala ya kuikwangua.

Wapo wanaoona bora kuachana na yote haya na kununua injini iliyotumika kutoka Japani au Dubai. Ni chaguo halali, na wakati mwingine ndilo la busara, bloku ikiwa imepasuka au imeshafika saizi ya mwisho. Ila injini hiyo nayo ina silinda zilizotembea maelfu ya kilomita, na anayeinunua kwa kusikiliza mlio wake tu amerudia kosa lilelile kwa fedha nyingi zaidi.

Ninachowaomba wenye magari ni kidogo. Fundi akikuambia ringi zimekufa, usimpe fedha za ringi siku hiyo. Mlipe afungue injini na apime, kisha akuandikie kwenye karatasi kipenyo cha kila silinda juu na chini, nafasi iliyopo kwenye mifereji ya pistoni, na kikomo kinachotajwa na kitabu cha injini yako. Nenda dukani na karatasi hiyo mkononi. Fundi akikataa kuiandika, tafuta mwingine.