Mtandao Pepe au Mtandao Tengwa? Maoni Kuhusu Istilahi za Simu za Mezani za Intaneti

1.0 Utangulizi

Makala haya yanatoa maoni kuhusu istilahi za kazi ambayo wanaisimu hatujaizoea, yaani kusanidi mtandao wa ofisi ili simu za mezani zipitishe sauti kwa njia ya intaneti. Hoja yetu ni kwamba istilahi ya jambo kama hili haina budi kutokana na kazi inayofanywa na kitu chenyewe, wala si kutokana na umbo la neno la Kiingereza linalokitaja. Aidha, istilahi hiyo haistahili kuitwa sanifu kabla haijasikilizwa mahali pa kazi.

Kilichotusukuma kuandika ni tukio dogo tulilolishuhudia katika ofisi moja mjini Singida. Ofisi hiyo ina ghorofa mbili, na simu zake zilifungwa na fundi aliyetoka Dodoma, ambaye alipoondoka aliacha karatasi mbili za maelekezo kwa Kiingereza. Wiki moja baadaye umeme ulikatika. Uliporejea, simu za chini zililia kama kawaida, lakini za juu zilikuwa bubu. Karani alimpigia fundi, naye akamwambia, "Zima swichi, kisha uiwashe." Karani akainuka, akazima taa ya chumbani, akaiwasha tena, na kwa dhati kabisa akajibu kwamba bado. Kwa siku nne wafanyakazi wa ghorofa ya juu walitumia simu zao za mkononi kwa fedha zao wenyewe, na wakulima wa alizeti wa Ikungi na Iramba waliokuwa na namba ya ofisi pekee hawakupata wa kuwajibu.

Chanzo cha hitilafu kilikuwa chepesi. Fundi alikuwa ameusanidi mtambo wa juu bila kuhifadhi alichokisanidi, hivyo umeme ulipokatika mtambo ukasahau yote. Onyo kuhusu kuhifadhi lilikuwamo katika ile karatasi ya Kiingereza.

2.0 Kitu Chenyewe

Yafaa kwanza tueleze kitu tunachotafutia jina. Katika ofisi nyingi, kila meza ina waya mmoja tu wa mtandao. Waya huo huingia kwenye simu, na kompyuta huchomekwa nyuma ya simu. Sauti na data, kwa hiyo, hupita njia moja. Data ina subira: waraka ukichelewa nusu sekunde hakuna anayetambua. Sauti haina subira hiyo. Kwa utaratibu ambao simu hizi hutumia mara nyingi, mazungumzo huchukua kilobiti 64 kwa sekunde, na hukatwa katika pakiti 50 kila sekunde. Pakiti zikichelewa au zikipotea, maneno hukatikakatika. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza kwamba ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri.

Ufumbuzi ni kuugawa mtandao mmoja wa waya katika mitandao miwili au zaidi isiyochanganyika. Kwa kiwango kinachojulikana kama 802.1Q, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1998, kila fungu la data hutiwa alama ndogo yenye namba ya mtandao wake, kuanzia 1 hadi 4094. Alama hiyo hubeba pia daraja la kipaumbele, kuanzia 0 hadi 7, na kwa desturi sauti hupewa 5. Simu hutia alama ya mtandao wa sauti, ilhali kompyuta iliyo nyuma yake hupita bila alama na kuhesabiwa katika mtandao wa data. Waya unaounganisha mtambo wa chini na wa juu sharti uruhusiwe kupitisha mitandao yote miwili. Ruhusa hiyo ndiyo iliyopotea katika ofisi tuliyoitaja.

3.0 Majina Yanayoshindana

Mafundi wengi husema "vilani", kwa kutamka kifupisho cha Kiingereza. Mkopo si dhambi katika Kiswahili. Wataalamu walipendekeza "ngamizi" na "tarakilishi", lakini wasemaji wengi wa Tanzania wamebaki na "kompyuta". Hata hivyo, "vilani" ina mashaka yake kimofolojia. Umbo lake linaweza kuchukuliwa kuwa wingi wa ngeli ya KI-VI, na likazaa umoja "kilani", kama ilivyotokea kwa kipilefti na vipilefti. Hilo pekee lisingetosha kulikataa. Tatizo kubwa ni kwamba neno hili halimwambii karani chochote.

Njia ya pili ni kutafsiri neno la Kiingereza "virtual" kwa "pepe", kwa mfano wa "uhalisia pepe", tukapata "mtandao pepe". Hapa tunaona hatari. Katika "barua pepe" neno hilo limekwisha kubeba dhana ya kielektroniki, na kwa kigezo hicho kila mtandao wa kompyuta ni pepe. Zaidi ya hayo, kwa mkulima anayepepeta mtama, pepe ni punje isiyo na kiini. Mtandao wa sauti si punje tupu. Ni mtandao kamili wenye anwani zake na mipaka yake, na ukikosewa ofisi huwa bubu. Aliyetafsiri ametazama neno, hakutazama kitu.

Sisi tunapendekeza "mtandao tengwa", na kwa simu "mtandao tengwa wa sauti". Kitenzi "tenga" kinataja kazi yenyewe, nacho huzaa "utengaji" na "kutengua utengaji" bila taabu. Kwa ile alama tunapendekeza "chapa". Neno hili hatukulibuni sisi. Fundi huyo aliporudi Singida alimweleza karani kwamba mifugo ya wenyewe wawili hupita njia moja kwenda kunywa maji, lakini kila ng'ombe ana chapa, na mlangoni kila mmoja hurudishwa katika zizi lake. Karani, aliyekumbuka zoezi la kitaifa la kupiga chapa mifugo la mwaka 2017, alielewa papo hapo, akauliza, "Kwa hiyo mlango wa juu hauitambui chapa ya sauti?" Hilo lilikuwa swali sahihi kitaalamu, na lingeulizwa siku ya kwanza lingeokoa siku tatu.

Kuhusu "swichi", maadamu neno hilo limekwisha kukaliwa na kitufe cha taa, tunaona "swichi ya mtandao" itajwe kwa ukamilifu wake daima.

4.0 Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba mafundi wanajua Kiingereza, na amri za mitambo ni za Kiingereza. Ni kweli, wala hatudai amri hizo zitafsiriwe. Lakini fundi huondoka. Anayebaki na mtambo ni karani, mtunza ghala na mhasibu, ambao nyumbani huzungumza Kinyaturu au Kinyiramba na ofisini hukutana katika Kiswahili.

La pili lina uzito zaidi. Yawezekana "tengwa" ikadhaniwa kumaanisha usalama kamili, ilhali ruta yaweza kuiunganisha mitandao hiyo, na utengaji peke yake si kufuli. Tunakubali. Hata hivyo, zizi lililotengwa nalo lina mlango, na kazi ya kueleza nani ana ufunguo ni ya fasili, si ya jina peke yake.

5.0 Hitimisho

Tangu BAKITA lianzishwe mwaka 1967 na TUKI mwaka 1970, orodha nyingi za istilahi zimetolewa, na kazi kama tasnifu ya Mwansoko (1990) zimetufundisha kuzichambua. Kinachopungua ni miguu. Wanafunzi wetu wa uzamili hukusanya istilahi maktabani na kuzipima kwa vigezo vya nadharia, bila kumsikiliza hata fundi mmoja akimweleza karani mmoja. Tunashauri kila pendekezo la istilahi za teknolojia liambatane na ushahidi wa mazungumzo ya aina hiyo. Pale Singida, ile karatasi ya Kiingereza imebandikwa ukutani kando ya mtambo. Chini yake karani ameandika kwa kalamu: "Baada ya kuweka chapa, hifadhi."