Tahariri: Kiwango tunakijadili, mkataba nani kausoma?

Azam wakicheza usiku, banda umiza la Ilembo, hapa Mpanda, hujaa mpaka watu wanachungulia mlangoni. Feisal Salum akipoteza pasi mbili mfululizo, anatokea mtu wa nyuma kabisa, ambaye hata skrini haioni vizuri, anatangaza kwamba Fei kaisha. Dakika kumi baadaye Fei anaachia shuti kali nje ya kumi na nane, na mtu yuleyule anaapa kwamba siku zote amekuwa akisema hakuna kiungo kama huyu nchini. Hatuna ugomvi naye. Kiingilio kalipa mwenyewe, na mpira usiobishaniwa haunogi.

Ugomvi wetu uko kwingine. Katika banda hilohilo amekaa mwenyekiti wa timu ya mtaa, amekaa mwalimu wa michezo, amekaa mjomba wa kijana wa miaka 16 ambaye kila mtu Ilembo anajua ana mguu. Hao nao wanabishana kama wengine: Fei arudi Yanga, aende Simba, apande ndege, abaki Chamazi. Kila dirisha la usajili linapofunguliwa wanamuuza na kumnunua upya. Lakini swali la mkataba unasemaje halitoki vinywani mwao, na wao ndio wenye wajibu wa kuliuliza, kwa sababu kijana wa kwao atakapoletewa karatasi atawatazama wao usoni.

Tulirudie sakata lenyewe, maana wengi wanalikumbuka kwa rangi ya jezi tu. Feisal, Mzanzibari aliyezaliwa Januari 1998, alijiunga na Yanga mwaka 2018 akitokea JKU. Desemba 2022 aliandika barua ya kuondoka na kuingiza kwenye akaunti ya klabu Sh112 milioni. Kwa maelezo ya wakati ule, Sh100 milioni zilikuwa za kuvunja mkataba na Sh12 milioni zilikuwa mishahara ya miezi mitatu. Yanga walizirudisha wakisema mkataba bado unaishi hadi mwaka 2024. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikasema yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba marejeo, akagonga mwamba. Wenzake walipokuwa wakicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger, yeye alikuwa nje ya timu, akiomba michango hadharani ili apeleke shauri lake kwenye mahakama ya michezo, CAS. Juni 5, 2023, katika hafla ya kuwapongeza Yanga Ikulu, Rais Samia Suluhu Hassan akauomba uongozi wa klabu uyamalize. Siku chache baadaye kijana akatambulishwa Azam.

Hatufungui kesi upya. Kamati ilisikiliza na kuamua, na kanuni za FIFA za wakati ule zilikuwa bayana kwamba upande mmoja hauvunji mkataba katikati ya msimu. Desemba ni katikati ya msimu. Aliyemshauri kijana aandike barua mwezi ule ama hakuisoma kanuni, ama aliisoma akanyamaza. Vyovyote iwavyo, gharama aliibeba mchezaji: nusu msimu na fainali ya Afrika. Wala haikuwa sifa kwa mpira wetu kwamba shauri la mkataba wa kiungo mmoja lilihitaji neno la Mkuu wa Nchi ndipo liishe.

Na mashabiki katika miezi ile walifanya nini? Wa upande mmoja walimwita msaliti, wa upande wa pili walimfanya fimbo ya kuwachapia watani wao. Malalamiko yaliyotoka upande wake, kwamba klabuni alikuwa akila ugali kwa sukari, yakageuzwa kichekesho cha nchi nzima. Ni wachache waliojiuliza klabu kubwa inawalishaje vijana wake, na ni wachache zaidi waliotaka kujua kifungu kipi kinabishaniwa. Waliosema amekwisha walipata jibu uwanjani: msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 ya ligi, mawili nyuma ya Stephane Aziz Ki wa Yanga, na Azam wakamaliza wa pili mbele ya Simba. Desemba 2025, kwenye AFCON ya Morocco, bao lake dhidi ya Tunisia liliipa Taifa Stars sare ya 1-1 na tiketi ya hatua ya 16 bora, mara ya kwanza katika historia yetu. Watabiri wa vijiweni hawakuwahi kuomba radhi, wala hatutegemei waombe.

Sasa tuje nyumbani. Feisal alikuwa na klabu kubwa, wanahabari wanaomfuata na mawakili waliokuwa tayari kumsimamia, na bado alikwama. Kijana wa Ilembo ana nini? Anaonekana kwenye UMISSETA au kwenye ndondo. Anapigiwa simu na mtu anayejiita wakala. Mtu huyo anafika na pikipiki saa mbili usiku, karatasi inatandikwa juu ya tangi, inamulikwa kwa tochi ya simu, kijana anaweka saini mahali alipooneshwa kwa kidole. Kurasa za mwanzo hazifunuliwi. Nakala haibaki, wakala anasema ataituma kwa WhatsApp. Kesho kutwa kijana yuko kwenye treni ya kwenda Tabora na begi moja, na mtaa mzima unamshangilia. Miezi minne baadaye hajalipwa, na akitaka kuhama anaambiwa amefungwa miaka mitano.

Hapo kwenye miaka mitano ndipo ujinga wetu unapolipiwa. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Mzazi anayejua jambo hilo moja tu angeikunja karatasi na kumrudishia mwenyewe. Lakini mzazi hakuitwa. Tena mara nyingine asingeweza kutetea chochote, kwa sababu umri ulioandikwa kwenye fomu si wa kwenye cheti cha kuzaliwa. Ni ule tunaouita umri wa mpira, na waliomshauri kuuandika ni viongozi wake wenyewe. Serengeti Boys waliondolewa kwenye fainali za Afrika za vijana za mwaka 2005 kwa suala la umri wa mchezaji mmoja. Nchi nzima ilipoteza kwa tarakimu iliyoandikwa na mtu mzima. Kijana anayedanganyiwa umri Mpanda hapewi miaka ya ziada. Ananyang'anywa kinga aliyowekewa na sheria, na siku ukweli ukijulikana anabeba aibu peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo viongozi wa klabu za mitaa wanalipuuza, na linawahusu mfukoni. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi anaotimiza 23. Kwa kila mwaka kuanzia ule wa 16, mgawo ni nusu asilimia ya ada yote. Kwa miaka ya 12 hadi 15 ni robo asilimia. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, ada iliyotajwa na vyombo vya habari ilikuwa kama pauni milioni 8.5. Nusu asilimia yake ni pauni 42,500, zaidi ya Sh100 milioni, kwa mwaka mmoja tu wa malezi. Samatta alipitia African Lyon na Simba kabla ya kwenda TP Mazembe mwaka 2011, klabu zenye usajili na kumbukumbu. Timu ya mtaa isiyosajiliwa, ambayo orodha ya wachezaji wake iko kwenye daftari la kocha, na daftari lenyewe lilishaloa mvua, haidai hata senti. Siku hizi malipo hayo yanapita kwenye mfumo wa FIFA unaosoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Jina la klabu lisipokuwemo humo, hakuna wa kumlilia.

Kwa hiyo tunaowaambia wanajulikana. Chama cha soka cha Mkoa wa Katavi kina wajibu wa kuhakikisha kila kijana anayecheza mashindano yake amesajiliwa kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi, hata kama kufanya hivyo kutaipunguzia timu fulani nyota wake wa chini ya miaka 17. Ofisi ya michezo ya Manispaa ya Mpanda isaidie timu za Ilembo, Kawajense, Makanyagio na Shanwe kujiandikisha kwa msajili wa vyama vya michezo, badala ya kuzikumbuka siku ya bonanza. Mwalimu wa michezo aweke vyeti vya kuzaliwa vya vijana wake katika faili. Mwanasheria wa halmashauri yupo, analipwa kwa kodi zetu, na mkataba wa kurasa sita haumalizi saa yake moja. Akiombwa na mzazi, asiseme mpira si kazi yake.

Mashabiki nao wasidhani wamesamehewa. Wanaochanga kwa saa moja nauli ya kuifuata timu yao kubwa Tabora au Mbeya wanaweza kuchanga fedha za kuisajili timu ya mtaa. Wanaokesha wakimjadili Fei kama kiwango kimeshuka au kimepanda, wamkumbuke na yule wa jirani aliyerudi kimya kimya mwaka jana akaanza kuendesha bodaboda. Tuliposikia amerudi tulisema hakuwa na nidhamu. Mkataba wake hatukuwahi kuuona.

Dirisha lijalo likifunguliwa, anayekuja Ilembo kumchukua mchezaji aje mchana, akae kwenye meza ya ofisi ya serikali ya mtaa, mzazi awepo na kiongozi wa klabu awepo. Mkataba usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, wote. Mshahara uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, muda uandikwe kwa tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kifungu cha kuondoka kielezwe mpaka kijana aweze kukirudia mwenyewe. Nakala moja ibaki kwa mzazi na moja kwa klabu. Wakala asiyetaka kuacha nakala aondoke bila saini.