Mwache Mtoto Asome, Lakini Usimwache Peke Yake

Leo naomba tuongee juu ya jambo ambalo wazazi wengi huniuliza kwa kunong'ona tukishatoka ibadani. Soma hadi mwisho kabla hujanijibu.

Mtoto aliyesoma shule ya upili katika mfumo wa 8-4-4 anajua hali hii. Kidato cha kwanza, somo la CRE linamfundisha Mwanzo sura ya 1 na ya 2. Mungu aliumba, Mungu akaona kazi yake ni njema. Kengele inalia, mwalimu wa Historia anaingia na mada ya binadamu wa kale, na hapo mtoto anapewa maelezo matatu juu ya asili ya mwanadamu: uumbaji, nadharia ya mageuko, na masimulizi ya wazee wa jamii zetu. Akifika kidato cha nne, somo la Bayolojia linamfungulia mageuko yenyewe: visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, kisha Lamarck, kisha Darwin na uteuzi asilia. Mtaala ukibadilika jina, swali linabaki palepale. Mtoto anarudi nyumbani na kuuliza, "Mama, kati ya mwalimu na pasta, ni nani anasema ukweli?"

Wewe humjibu nini?

Wengi wetu humjibu hivi: "Hayo ni ya shetani. Andika tu upite mtihani, lakini usiamini." Tunadhani tumelinda imani yake. Lakini hebu sikiza mtoto alichosikia. Amesikia kwamba mtu aliyeokoka anaweza kuandika uongo kwenye karatasi akipata alama. Amesikia kwamba kuna ukweli wa Jumapili na ukweli wa Jumatatu. Pia amesikia hofu katika sauti yako, na mtoto huijua hofu ya mzazi hata mzazi akiificha.

Mpendwa, swali la mtihani likisema "eleza ushahidi unaounga mkono nadharia ya mageuko", halimwombi mtoto akiri imani. Linamwomba aonyeshe kwamba ameelewa wanasayansi wanasema nini na kwa sababu gani. Kwenye CRE hiyo hiyo mtoto husoma juu ya dini za jadi za Kiafrika, akaeleza vizuri jinsi mababu walivyotoa dhabihu na kumwaga tambiko, na hakuna anayesema amerudi nyuma kiroho. Kueleza jambo kwa ukweli ni haki yako kwa mwenye jambo hilo, hata kama hukubaliani naye.

Na hapa ndipo nataka kuwagusa watumishi wenzangu. Amri ya tisa inakataza kumshuhudia mtu uongo, na haikusema inamhusu jirani aliyeokoka peke yake. Tunaposimama madhabahuni tukasema, "Wanasema tulizaliwa na nyani! Mbona basi nyani bado wako kando ya barabara kule Gilgil?" kanisa linacheka na kupiga makofi. Lakini tumesema jambo ambalo nadharia ile haisemi. Haisemi kwamba nyani wa leo alimzaa mtu. Inasema kwamba binadamu na nyani wana asili moja ya zamani sana, kila mmoja akafuata njia yake. Wewe na binamu yako mna babu mmoja. Je, mtu akikuuliza, "Kama kweli mna babu mmoja, mbona binamu yako bado yuko?" utamjibu nini? Utamcheka. Na ndivyo kijana wetu anavyotucheka akifika chuo kikuu, akigundua kwamba pasta alibishana na kitu ambacho hakuwahi kukisoma.

Vivyo hivyo na ule msemo wa "ni nadharia tu". Mtaani nadharia ni dhana ya mtu. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yaliyokusanya ushahidi mwingi na kujaribiwa mara nyingi. Unaweza kuikataa, lakini usiikatae kwa kuchezea neno.

Sitaki udhani somo hili ni la mifupa ya zamani peke yake. Akina mama wa umri wangu wanaikumbuka klorokwini, ile dawa chungu ya malaria. Iliponya kweli. Kisha ikaanza kushindwa. Vimelea vichache vilivyokuwa na uwezo wa kuistahimili vilibaki hai, vikazaana, vikaenea. Mwaka 1998 Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza, ikaleta SP. Nayo ikalegea, na mwaka 2004 sera ikabadilika tena kuelekea dawa za mchanganyiko tunazopewa hospitalini leo. Hapo ndipo penye uteuzi asilia, mpendwa. Daktari anayekuambia umalize dozi yako ya TB hata ukijisikia umepona, anajua somo hilo.

Chukua pia ugonjwa wa selimundu, ule unaofanya chembe za damu kujikunja kama mundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa hapa Kenya, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana imedumu sana maeneo yenye malaria nyingi, kama Pwani na kando ya Ziwa. Lakini wazazi wawili wenye chembe hiyo wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumzaa mtoto mgonjwa. Mimi hukaa na wachumba kabla ya kubariki ndoa, na huwaomba wakapime damu. Sitaki binti wa kanisa langu aogope elimu ambayo inaweza kumpunguzia machozi ya miaka mingi.

Sasa twende kwenye mifupa, maana huko ndiko kelele zilikoanzia hapa kwetu. Mwaka 1984, karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto. Kikundi chake kilipochimba kilipata karibu mwili mzima wa mifupa ya mvulana ambaye hakufikia utu uzima. Wanasayansi wanamhesabia umri wa takriban miaka milioni moja na nusu. Ulimwengu unamwita Turkana Boy. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa pale Nairobi ikiwa katika matengenezo makubwa, Askofu Boniface Adoyo aliongoza mwito wa makanisa ya kiinjilisti kwamba mabaki hayo yasiwekwe mbele kama ushahidi kuwa mwanadamu alitokana na viumbe vya kale. Richard Leakey akapinga kwa nguvu. Mwaka 2008 makumbusho yakafunguliwa tena, na mifupa ikaonyeshwa.

Namheshimu askofu yule, na kilichomsukuma nakielewa. Hakutaka mtoto wa Kenya atoke pale akidhani yeye ni mnyama tu. Lakini mifupa ikiwekwa chumba cha nyuma haiondoki duniani. Mungu ninayemhubiri ndiye mwenye ardhi ya Turkana na kila kilichozikwa ndani yake. Kama ni yeye aliyeiumba, mbona niogope kinachochimbuliwa humo?

Tena, ndugu zangu, tuangalie vita tunavyopigana tumevitoa wapi. Video nyingi tunazotumiana kwenye WhatsApp zimetoka Marekani. Kule, mwaka 1925, katika mji wa Dayton, jimbo la Tennessee, mwalimu John Scopes alishtakiwa na kutozwa faini ya dola 100 kwa kufundisha mageuko. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikapiga marufuku sheria ya jimbo la Louisiana iliyolazimisha shule za umma zifundishe uumbaji kila zinapofundisha mageuko. Wamevutana hivyo karibu miaka mia. Kenya haina ugomvi huo. Hapa CRE inafundishwa na kutahiniwa katika shule za serikali. Hakuna aliyemfukuza Mungu darasani. Kwa nini tukodi vita vya watu wengine wakati tuna nafasi ambayo wao hawana?

Lakini na mwalimu wa sayansi nina neno naye, kwa upendo. Mwalimu, fundisha visukuku. Fundisha Darwin. Usipunguze. Ila ukifika mahali ukamwambia mtoto, "Kwa hivyo hakuna Mungu, na maisha yako ni bahati tu," jua umetoka kwenye Bayolojia. Hakuna darubini iliyokuonyesha hilo. Hilo ni imani yako, na una haki nayo, lakini usiitie muhuri wa sayansi. Vilevile sitaki kuja darasani kwako na Mwanzo sura ya 1 nikidai ni somo la maabara. Waebrania 11 inatufundisha kwamba jambo la Mungu kuuumba ulimwengu tunalifahamu kwa imani. Haikusema kwa kipimo.

Mimi naamini Mungu aliumba mbingu na nchi, na mwanadamu akamuumba kwa mfano wake. Hilo sibadilishi. Kuhusu zile siku sita, wapo watu wa Mungu waliookoka kweli wanaozisoma kama siku za saa 24, na wapo wanaozisoma kama vipindi virefu. Wengi husema Biblia imeandika kwamba dunia ina miaka elfu sita. Tafuta mstari huo, hutaupata. Hesabu ya mwaka 4004 kabla ya Kristo ilipigwa na James Ussher, askofu mkuu wa Ireland, katika kitabu alichochapisha mwaka 1650. Alikuwa msomi mwaminifu, lakini hesabu yake si Maandiko. Na kabla yake zaidi ya miaka elfu moja, Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo, aliwaonya Wakristo wasiongee ovyo juu ya nyota na wanyama mbele ya watu wanaovijua, kwa sababu wakisikika wamekosea hapo, nani atawaamini wakihubiri ufufuo?

Hicho ndicho kinachoniuma, mpendwa. Kijana hakatai imani kwa sababu alisoma Darwin. Mara nyingi anaikataa kwa sababu tulimfungia Yesu na jibu la Bayolojia kwenye kamba moja, tukamwambia moja likianguka yote yameanguka. Anafika chuoni, anaona ushahidi, anatupa kamba nzima. Anampoteza Mwokozi kwa ajili ya jambo ambalo halikuwa msalaba.

Soma Danieli sura ya 1. Wale vijana wanne waliwekwa katika shule ya Babeli kwa miaka mitatu, wakafundishwa maandishi na lugha ya Wakaldayo. Elimu ile ilikuwa na mengi ya kipagani ndani yake. Hawakugoma kusoma. Hawakuandika majibu nusu. Mfalme alipowajaribu, akawakuta wamewapita wenye hekima wake mara kumi, na Biblia inasema ni Mungu aliyewapa maarifa hayo. Walikataa nini? Chakula cha kuwatia unajisi. Sanamu, walipoambiwa wasujudu. Maombi, Danieli alipoambiwa aache. Walijua kutofautisha kitabu cha kusoma na sanamu ya kusujudia.

Lakini angalia jambo moja zaidi. Walikuwa wanne. Walisali pamoja. Kabla ya Babeli mtu fulani huko Yuda alikuwa amewafundisha Mungu wao ni nani. Mtoto wako ana nani?

Kwa hivyo wiki hii, mzazi mwenzangu, fanya mambo matatu.

La kwanza, chukua kitabu chake cha Bayolojia, usome sura ile ya mageuko wewe mwenyewe. Usipoelewa, mwombe akueleze. Mtoto anayemfundisha baba yake hatamficha maswali yake.

La pili, akikuuliza usilolijua, mwambie, "Sijui, tutafute." Neno hilo halijawahi kuua imani ya mtu. Linaloua ni kukemewa kwa kuuliza.

La tatu, fungua Zaburi 139 pamoja naye usiku mmoja, usome taratibu jinsi Mungu alivyomjua tangu tumboni. Hapo kuna kitu ambacho mwalimu wa sayansi hakuajiriwa kumpa, na wewe ndiye uliyepewa kazi hiyo.

Tuombe. Baba, ulitupa akili, na hukutupa ili tuizike. Walinde watoto wetu walioko shuleni na vyuoni. Wape bidii ya Danieli na marafiki wa Danieli. Utupe sisi wazazi na wachungaji ulimi wa kweli, tusikutetee kwa uongo, maana wewe huhitaji uongo wetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie mzazi mmoja mwenye mtoto shule ya upili ujumbe huu. Na kama wewe ni kijana na una swali ambalo umeogopa kuliuliza kanisani, niandikie. Sitakukemea. Ubarikiwe.