Mazungumzo ya Afya: Mguu Usiosikia Moto

Baridi ya mwezi wa Julai hapa kwetu Nyeri mnaijua. Ukungu hushuka kutoka milimani, jua hufichika siku nzima, na kila atokaye kuchuma chai hutafuta moto. Jioni moja ya namna hiyo jirani yangu, mzee mwenye ugonjwa wa kisukari, alivua gambuti zake, akanyosha miguu karibu na mafiga, tukawa tunazungumza habari za bei ya majani chai. Punde si punde nikasikia harufu.

"Mzee," nikamwambia, "mguu wako unaungua."

Akautazama kama mtu atazamaye mguu wa mwenziwe. "Mwanangu," akasema, "mbona sisikii kitu?"

Kwa kuwa hakusikia uchungu, aliona si jambo la kumpeleka hospitali. Alifunga kitambaa akaendelea na shamba. Juma la tatu kidonda kilikuwa kimeoza, naye akakatwa vidole viwili.

Sababu yake ni hii. Sukari ikizidi katika damu miaka mingi huharibu neva, na neva ndefu ziendazo miguuni ndizo zinazotangulia kufa ganzi. Tena mishipa ya damu huwa myembamba, na kidonda kisichopata damu ya kutosha hakiponi upesi. Katika kila miguu 100 inayokatwa kwa ajili ya kisukari, zaidi ya 80 ilianza kwa kidonda, na mara nyingi kidonda hicho kilikuwa kidogo.

Daktari Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914, alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa wa ukoma viliharibika zaidi kwa majeraha yasiyosikika kuliko kwa ukoma wenyewe. Baadaye mafundisho hayo yaliwafaa wenye kisukari pia. Uchungu, basi, ni askari wa zamu. Akilala, mwenye nyumba hana budi kukesha mwenyewe.

Namna ya kukesha ni rahisi. Mwenye kisukari afumbe macho, na mtu wa nyumbani amguse kwa wepesi, bila kusukuma, kwenye ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha mwisho, katika kila mguu. Jumla ni mara 6, na kila mara aguswapo aseme. Akikosa kusikia mara 2 au zaidi, na aende hospitali apimwe vizuri. Njia hii ilianzia katika hospitali ya Ipswich, Uingereza, nayo haina gharama yo yote.

Kila jioni miguu na itazamwe, nyayo na kati ya vidole. Asiyeona vizuri amwombe mjukuu. Ioshwe kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko cha mkono, kisha ikaushwe, hasa kati ya vidole. Mafuta yapakwe penye magaga, lakini si kati ya vidole. Kucha zikatwe kwa kunyoka, wala pembe zisichimbwe. Kabla ya kuvaa kiatu au gambuti, tia mkono ndani utafute kijiwe au msumari. Usitembee miguu mitupu, hata uani. Na moto tuuote kwa mbali, tukivaa soksi.

Sasa nataka kusema habari ya wembe. Wengi wetu, tukiona sugu kisiginoni, huikwangua kwa wembe, au humpa kijana wa sokoni kazi hiyo kwa shilingi chache. Wengine hutoa funza kwa pini iliyokwisha kupita miguuni mwa watu wengi. Wahenga walisema, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini mwenye ganzi huchomwa asijue, na chombo kichafu huweza kuleta pepopunda na maradhi yaambukizwayo kwa damu. Kwa mtu huyu, sugu, ukucha ulioingia nyamani na funza ni kazi ya mwuguzi au daktari mwenye vyombo vilivyotakaswa. Dawa za kuunguza sugu zinazouzwa madukani pia zisitumike, kwa maana haziwezi kubagua ngozi ngumu na ngozi nzima.

Wataalamu waliosomea miguu pekee ni wachache katika nchi yetu. Hata hivyo hospitali kubwa tunazo, kama ile ya Rufaa ya Nyeri, Consolata ya Mathari, na Tumutumu karibu na Karatina. Mwenye kisukari aombe miguu yake ipimwe walau mara moja kila mwaka, na mwenye ganzi mara nyingi zaidi. Asione haya kuvua viatu mbele ya daktari, hata kama hakuulizwa. Lakini akiona wekundu, uvimbe, usaha, harufu mbaya au weusi, asingoje siku ya kliniki. Aende siku ile ile.

Jirani yangu angali analima. Jioni huketi hatua tatu mbali na mafiga, na mjukuu wake huinua taa na kumtazama nyayo. Juzi mtoto aliona lengelenge dogo, na asubuhi mzee alikuwa wa kwanza kungoja mlangoni mwa hospitali. Alirudi na vidole vyake vinane vilivyobaki.