Kompyuta ikidai ‘faili halipo’, usimwache mtoto apakue ovyo

Saa mbili usiku, mtoto wa kidato cha tatu anafungua programu ya masomo kwenye kompyuta ya nyumbani. Badala ya somo, kinatokea kisanduku cha Kiingereza kinachosema VCRUNTIME140.dll haijapatikana. Anachukua simu ya mama, anatafuta jina hilo mtandaoni na kukuta tovuti inayosema: pakua hapa, bure.

Hapo ndipo mzazi anapoweza kupoteza picha za familia na nywila za barua pepe.

Faili la DLL ni kama bomba la uani kwenye nyumba ya kupanga. Hakuna chumba chenye bomba lake. Wapangaji wote huchota hapo. Programu nyingi kwenye Windows nazo hutumia faili moja kwa pamoja. Likipotea au likiharibika, programu zinazolitegemea hugoma kufunguka, ingawa zenyewe ni nzima.

Linapoteaje? Pengine mtu alifuta programu nyingine nalo likaondoka. Pengine umeme ulikatika wakati kompyuta inajisasisha. Wakati mwingine programu ya kuzuia virusi imelishuku na kuliweka kando, hasa pale programu iliponakiliwa kwa njia zisizo halali. Diski inayochoka nayo huharibu mafaili.

Kulipakua kutoka tovuti yoyote ni hatari kwa sababu faili hilo limebeba maelekezo ambayo kompyuta huyatekeleza. Aliyelichezea anaweza kuingiza virusi vya kuiba nywila. Ni sawa na kumeza kidonge ulichookota kwa kuwa tu kinafanana na ulichoandikiwa na daktari.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, piga picha ujumbe huo kwa simu, kisha usome hadi mwisho. Mara nyingi mstari wa mwisho unashauri kuisakinisha upya programu husika. Dawa iko pale pale, ila wengi hufunga kisanduku kabla ya kuifikia.

Pili, zima kompyuta na uiwashe tena. Ikigoma, angalia kama programu ya kuzuia virusi imelizuia faili hilo. Usilirudishe kama huna uhakika lilitoka wapi.

Tatu, ondoa programu iliyogoma, kisha uisakinishe upya kutoka kwa watengenezaji wake.

Nne, jina likianza na MSVCP au VCRUNTIME, faili hilo ni la kifurushi cha Microsoft Visual C++. Kinapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft, na hurudisha mafaili yote kwa pamoja.

Tano, kama faili ni la Windows yenyewe, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika sfc /scannow na usubiri. Kompyuta itajikagua na kurekebisha mafaili yake. Usipojiamini, mwachie fundi unayemfahamu.

Ujumbe wa aina hii ukirudi kila mara, tena kwa programu tofauti, huenda diski inakufa. Hamisha picha na kazi za shule kwanza, ukarabati ufuate.

Kubwa zaidi, usimgombeze mtoto anayeleta habari kwamba kompyuta imegoma. Anayeogopa kufokewa ndiye atakayepakua kimyakimya, na nyumba nzima itakuja kujua wakati picha hazipo tena.