Mbabula ndani ya nyumba ya mbao

Mvua imerudi, na baridi ya Goma tunaijua: tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, upepo wa ziwa unapita katikati ya mbao, na mawe ya volkano tunayokanyaga yalipoa zamani. Kwa hiyo jioni tunaingiza mbabula ndani.

Mimi pia niliiingiza. Usiku ule nilikuwa nimeziba matundu yote kwa karatasi na vitambaa, nikafunga kimlango cha chini cha mbabula ili makala yasiishe haraka, nikayafunika kwa majivu. Nilijiona mama mwenye akili! Usiku wa manane mtoto wangu wa mwisho akatapika. Nilipotaka kumshika, kichwa kiliniuma sana na miguu haikunibeba. Nilitambaa mpaka mlangoni, nikaufungua. Tulikaa nje, kwenye baridi ile ile, mpaka kukapambazuka.

Kosa lilikuwa kuziba. Ukifungua kimlango cha mbabula, upepo unaingia na moto unapanda. Ukikifunga, moto unashuka. Kwa kupika maharage ni vizuri. Lakini makala yanayokosa hewa hutoa sumu zaidi, na majivu hayaizuii. Sumu hiyo haina rangi wala harufu, nayo inakamata nafasi ya hewa safi katika damu. Wengine wanaifananisha na mazuku. Mazuku ni nzito, hukaa mabondeni na mashimoni. Hii inajaa chumba chote, hata mwenye kulala juu ya kitanda inampata.

Basi mbabula iwashwe nje. Ukiiingiza, acha mlango na dirisha wazi, na kabla ya mtu yeyote kulala itoke, hata kama makala yamebaki kidogo tu. Kwenye hema la turubai isiingie kabisa. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kizunguzungu pamoja, watoke nje kwanza, halafu kituo cha afya haraka. Maziwa tunayokimbilia kunywesha hayaondoi sumu hiyo.

Siku hizi natia maji ya moto, yasiyochemka, katika bidoni ndogo, nakaza kifuniko, naizungushia kitenge kikuukuu na kuiweka miguuni pa watoto. Saa nane ya usiku yamekwisha kupoa, siwadanganyi. Hapo tunasogeleana.