Historia Yataka Moyo Uliohudhuria

Katika vyuo vyetu mtoto hufunzwa mapema kwamba sala isiyo na hudhuri ya moyo ni kuinama na kuinuka tu. Somo hilo hatulipeleki mbali. Twaliacha msikitini juu ya mikeka, tukenda shuleni na majumbani na nyoyo zilizotawanyika.

Nililifikiri hilo huko Ogembo, Ugusii, kwa rafiki yangu. Mwanawe alikuwa akidurusu kwa ajili ya mtihani: Otenyo, mkuki, Northcote, 1908. Aliyasoma kama bei za dukani. Bibi yake akamwambia afunge daftari, akangoja mpaka sote tukanyamaza, ndipo akaanza kusimulia. Kijana alisikiliza, kisha akauliza jambo lisilomo mtihanini: mama yake Otenyo alikuwa wapi siku ile? Bibi hakujua, wala hakuzua jawabu.

Mambo yenyewe, msomaji, ni haya. Januari 1908 Otenyo, akitiwa shime na Moraa, mwanamke aliyeheshimiwa kwa uaguzi wake, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, G. A. S. Northcote. Mzungu akapona, baadaye akawa hata gavana wa Hong Kong. Wagusii waliletewa jeshi la KAR. Vijiji vikachomwa, ng'ombe wakatekwa, watu wakauawa kwa wingi hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni huko London, akahoji haja ya kuwaua hivyo watu wasio na ulinzi. Wagusii husimulia kwamba kichwa cha Otenyo kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo wapo wanaokidai. Mfalme Charles alipozuru Kenya 2023 alieleza majuto kwa maovu ya ukoloni, lakini kuomba radhi hakuomba.

Ni wepesi kwetu sisi wa pwani kumlaumu Mfalme. Basi na tujitazame. Mekatilili wa Menza alipokamatwa 1913, Waingereza walimhamishia huko huko Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Mwaka 1914 walitoroka, wakarudi Ugiriama kwa miguu, safari ya mamia ya maili. Leo twamsifu kuwa ni wetu. Lakini ni katika nyumba zetu ngapi mtoto huambiwa kwamba watu wake tuliwaita Wanyika, na kwamba mashamba ya Malindi yalilimwa na watumwa mpaka utumwa ulipofutwa 1907? Bibi yule wa Ogembo hakuwaficha wajukuu kwamba wapo Wagusii waliokubali uchifu wa Waingereza.

Wazee waliosikia habari za mashamba yale vinywani mwa wazazi wao wazidi kupungua, Malindi, Mambrui na Takaungu. Kati ya magharibi na isha upo wasaa. Simu ziwekwe kando, watoto wakae, na mzee mmoja aulizwe: shamba lile lilikuwa la nani, na nani hasa aliyelilima?